Viazi Kilo Tisa

Mkwe wangu hakuwasha gari. Alikaa kwenye usukani, ufunguo mkononi, akautazama ukuta wa nyumba yake kwa utulivu wa mtu ambaye hana safari. Mimi nilikuwa kiti cha nyuma, mjukuu wangu mapajani, tumejifunika blanketi zito nililolifuma mwenyewe kwa uzi wa sufu, na sikuwa na mpango wa kumwachia mtu yeyote yule mtoto.

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa kununa. Nilifundisha shule ya msingi mpaka nikastaafu, na mwalimu akishazoea kutobishiwa na darasa zima, huko nyumbani anakuwa taabu tupu. Binti yangu analijua hilo. Alikuwa amesimama nje ya mlango wa gari, amejikunyata kwa upepo wa Makambako, ule wa mwezi wa saba unaopenya mpaka kwenye mifupa, akasema kwa upole wa mtu aliyejiandaa tangu jana yake.

"Mama, mtoto anakaa kwenye kiti chake."

"Kiti chake ni hiki," nikasema, nikayapiga mapaja yangu.

Tulikuwa tunakwenda Njombe, nyumbani kwangu, mtoto akabatizwe Jumapili. Katika ukoo wetu mjukuu wa kwanza huletwa na bibi mwenyewe. Bibi humfuata huko alikozaliwa, akarudi naye, akaingia naye mlangoni kwake akiwa mikononi, hata kama mama wa mtoto anatembea pembeni hana cha kubeba. Mimi mwenyewe nililetwa hivyo, kwa miguu, na bibi aliyekuwa mkali kuliko mimi. Basi tangu siku binti yangu aliponipigia simu kunieleza habari za mimba, safari hii nilikuwa nimeshaiona kichwani: Makambako mpaka Njombe, mtoto mikononi mwangu, simwachii. Kulikuwa na sababu nyingine ya kutaka hivyo, ya zamani, ambayo sikuwa nimemwambia mtu. Nitaifikia.

Mkwe wangu ni fundi magari. Kwetu mkwe wa kiume hambishii mama mkwe wake. Hamkatizi maneno, hamkazii macho, na akiwa na neno la kumpinga humtuma mkewe. Kwa hiyo kijana wa watu hakuwa na pa kusemea. Alichoweza ni kutowasha gari, na alikuwa anakifanya vizuri sana.

Kiti chenyewe kilikuwa hapo pembeni yangu, kimebanwa kwa mkanda wa gari hata ukikisukuma hakitikisiki. Kilikuwa kipya. Angeweza kupata cha mtumba, akakataa, akasema kiti kilichopitia ajali hakijulikani kwa macho lakini hakiaminiki tena. Na kilikuwa kimegeuzwa kuelekea nyuma ya gari. Hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote. Wahenga walisema mwana hutazama kisogo cha nina. Huyu wangu atazame nini? Sponji?

"Mtoto kakosa nini mpaka ageuziwe nyuma?" nikauliza. "Mmemnunia?"

"Shingo yake bado laini, mama. Gari likisimama ghafla, mgongo wote unaegemea kiti, kichwa hakitupwi mbele."

"Basi nikae naye mbele. Mbele ndiko kwenye heshima."

Binti yangu akamtazama mumewe kwenye kioo. Mumewe akatikisa kichwa kidogo, tena kwa kioo, si kwangu. "Mbele kuna mfuko wa hewa, umefichwa ndani ya dashibodi," binti yangu akasema. "Gari likigonga unafumuka kama ngumi. Umetengenezwa kwa ajili ya mtu mzima aliyefunga mkanda. Mtoto mchanga akiwa mbele yake, mfuko wenyewe unaweza kumuua hata kama ajali ilikuwa ndogo."

Kutajiwa kifo asubuhi, tena cha mjukuu, kulinikera. Nikasema haya, yaishe. Nikamtia mtoto kwenye kiti chao pamoja na blanketi lake, nikalizungusha mara mbili, maana baridi ya Njombe siyo ya Makambako. Kule ukifungua mdomo unatoa mvuke. Kisha nikaipitisha ile mikanda ya mabegani juu ya blanketi, nikabana kifungo mpaka kikalia. Mtoto alibaki macho na pua, amefunganywa kama kabichi.

"Haya. Mmeridhika?"

Gari halikuwashwa. Binti yangu aliinama akaingiza mkono chini ya mkanda. Ukaingia mkono, ikaingia na ngumi. "Lililofungwa ni blanketi, mama," akasema. "Mtoto yumo humo ndani, hajafungwa."

Hapo nilishuka. Nilimfungua mtoto nikamrudishia mama yake, nikachukua mkoba wangu na blanketi langu, nikawaambia waende peke yao wakakibatize hicho kiti. Nikazunguka nyuma ya nyumba nikakaa kwenye ngazi ya jikoni, kwenye kijua, nikanuna sawasawa.

Nilipokuwa mdogo, gari lilikuwa kitu cha joto. Sijui nilieleze vipi hilo kwa watoto wa siku hizi. Tulikaa Lupembe, baba akiendesha lori la kukusanya majani mabichi ya chai kutoka kwa wakulima na kuyapeleka kiwandani, na asubuhi za Lupembe ukungu ulikuwa unakuja mpaka mlangoni, unatoka nje huoni choo kiko wapi. Shule zikifungwa baba alikuwa ananichukua. Lori lake lilikuwa la zamani, lile ambalo injini imeingia ndani ya kabini, katikati ya dereva na abiria, imefunikwa kwa bati na juu yake kipande cha zulia lililochakaa. Hapo juu ya injini ndipo palipokuwa pangu. Nilikaa miguu ikining'inia, joto likinipanda kutoka chini mpaka masikioni, harufu ya dizeli ikichanganyika na ya majani ya chai yaliyoanza kunyauka huko nyuma. Mpaka leo nikipita mahali penye harufu hiyo napata usingizi.

Mikanda ya kujifunga hatukuijua. Mikanda ilikuwa ya suruali. Mkanda wangu mimi ulikuwa mkono wa baba. Kila alipokanyaga breki, mkono wake wa kushoto ulikuwa unaachia gia na kuja kifuani kwangu, hata akiwa anaongea, hata akiwa katikati ya pambio. Hakuangalia. Mkono wenyewe ulijua njia. Baba alikuwa mtu wa maneno machache, na akina baba wa kwetu hawakuwa na mambo ya kukumbatia watoto, hivyo mkono ule ndio uliokuwa wangu. Kuna siku nilikuwa naomba barabara iwe na mashimo mengi ili afunge breki mara nyingi.

Vituo vya kupimia majani vilikuwa vingi, na kila kituo baba alikuwa na mtu wa kutaniana naye. Wanawake walikuwa wanateremka na vikapu vyao mgongoni, wamelowa umande mpaka magotini, wananiona pale juu wananisalimu, kamwene, dereva mdogo. Nilikuwa naitika kwa sauti nzito. Sijawahi kuwa mtu mkubwa tena kama nilivyokuwa mkubwa juu ya injini ile, hata nilipokuwa mwalimu mkuu.

Nilikuwa na miaka tisa siku mama alipozidiwa na homa ya mapafu, ikabidi baba atupeleke kwa bibi, Njombe. Mdogo wangu wa kiume alikuwa hajaanza kutembea. Mama alimfunga blanketi akiwa amelala palepale kitandani, akanipa, akasema, "Mshike mdogo wako. Usimwachie." Nikapanda juu ya injini naye mapajani, nimejaa fahari, kwa kuwa siku hiyo na mimi nilikuwa na abiria wangu.

Mvua ilikuwa imenyesha na udongo mwekundu umekuwa utelezi. Kwenye kona moja ya mteremko akatokea mtu na baiskeli, amefunga madumu ya ulanzi, pombe ya mianzi, kushoto na kulia, yuko katikati ya barabara anakuja taratibu. Baba akakanyaga breki kwa nguvu zote. Sikumbuki sauti yoyote. Nakumbuka blanketi likiwa mikononi mwangu, nimelibana kifuani, na mdogo wangu hayumo.

Alikuwa amepiga dashibodi kwa paji la uso akaangukia chini. Ilikuwa damu nyingi kuliko nilivyodhani mtoto anaweza kuwa nayo. Mwenye baiskeli alikuwa mtaroni, mzima, analia na ulanzi wake uliomwagika. Baba alivua shati, akalikunja akalikandamiza kwenye jeraha, kisha akanirudishia mtoto nimshike, maana hapakuwa na mwingine wa kumshika. Safari ile nilimbana mpaka akawa analia kwa kubanwa.

Alishonwa, akapona. Baba hakunichapa wala hakunigombeza. Tulipokuwa tumekaa kwenye benchi la hospitali, mikono yake ikiwa katikati ya magoti, alisema maneno mawili tu: "Nilidhani umemshika." Hakunitajia tena jambo lile mpaka anakufa. Na hakunichukua tena kwenye lori. Likizo iliyofuata niliamka mapema, nikavaa sweta, nikasimama mlangoni. Akapita akanishika kichwa akaondoka peke yake. Likizo nyingine sikuamka. Kifuani, pale mkono wake uliponipata siku ile, palivilia damu, pakaniuma wiki nzima, na sikumwonyesha mtu kwa sababu niliona nimestahili.

Mdogo wangu sasa ni mzee mwenye kitambi, ana kovu juu ya nyusi ya kushoto na mdomo usiotulia. Kovu hilo amelifanya mtaji wa kuchekesha watu. Hakuna harusi, hakuna kipaimara ambapo hakusimama akasema, "Mnamwona dada yangu huyu mpole? Alinirusha nikiwa mchanga, ndiyo maana hesabu zilinishinda." Watu wanavunjika mbavu. Mimi nilikuwa nacheka kuwazidi wote. Alisema hivyo hata siku yangu ya kustaafu, mbele ya walimu wenzangu, nikacheka mpaka nikafuta machozi, na hakuna aliyejua ni machozi ya nini.

Sasa mnaelewa kwa nini nilimtaka mtoto yule mapajani. Nilitaka mara moja tu, kabla sijafa, nimshike mtoto ndani ya gari kutoka mwanzo wa safari mpaka mwisho, na nifike naye.

Nilikuwa bado kwenye ngazi ya jikoni mkwe wangu alipotokea, na binti yangu nyuma yake amembeba mtoto. Alichuchumaa mbali kidogo, macho chini, akamwambia mkewe kana kwamba mimi nipo wilaya nyingine. "Mwambie mama, naomba anisaidie kushika viazi."

"Anaomba umsaidie kushika viazi, mama."

"Nimesikia. Mimi si kiziwi. Viazi gani?"

Alikuwa na kiroba. Alikuwa amekwenda nacho duka la jirani akakipima kwenye mizani: kilo tisa kamili, sawasawa na uzito ulioandikwa kwenye kadi ya kliniki ya mtoto. Sikuzaliwa jana, nilijua huo ni mtego. Lakini mkwe akikuomba kwa adabu umsaidie mzigo, utamkataliaje? Nikainuka. Akakifunga kiroba ndani ya blanketi langu, akakiweka kiti cha nyuma nikichukue mwenyewe, asinipe mkononi. Akasubiri, tena na ufunguo mkononi, mpaka nilipofunga mkanda wangu. Binti yangu alibaki na mtoto.

Tulikwenda mpaka kiwanja cha mpira, kitupu, nyasi zimekauka kwa baridi. Akasimamisha gari, akageuka nusu, akaongea na mimi moja kwa moja. Ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote alizowahi kuniambia tangu amwoe binti yangu. "Mama, nisamehe sana. Shika kwa nguvu zako zote, kama ndiye yeye. Nitafunga breki, ila sitasema lini."

"We endesha," nikasema.

Nilikikumbatia kiroba kile. Nilifungamanisha vidole, nikakaza mikono, nikaweka kidevu juu. Tulizunguka kiwanja raundi ya kwanza, hakuna kitu. Raundi ya pili, hakuna. Nikaanza kuwaza kwamba ameona haya, amekata tamaa, na jinsi nitakavyomtambia binti yangu. Ndipo alipofunga breki.

Viazi vilitoka. Kiroba kilichomoka ndani ya blanketi, kikapiga mgongo wa kiti cha mbele, kikapasuka, viazi vikatawanyika chini ya viti. Na mimi nimebaki nimelikumbatia blanketi tupu kifuani.

Mkwe wangu aligeuka akaniona nalia, akaogopa kweli. Alidhani ameniumiza. Alianza kuomba radhi kwa Kiswahili na kwa Kibena, nikamnyamazisha kwa mkono.

"Tulikuwa mwendo gani?" nikauliza.

"Mdogo, mama. Kama baiskeli inayoteremka."

"Na hatujagonga kitu."

"Hatujagonga. Hiyo ni breki tu. Tukigonga, mama, mtoto wa kilo tisa anakuwa mzito kuliko gunia lililojaa. Mimi simwezi. Hakuna anayemweza. Magari yakivutwa kuletwa kwetu karakana..." Akaacha, akatazama kwingine. "Hakuna, mama."

"Na mtoto wa miaka tisa? Angeweza kumshika?"

Hakujua ninauliza nini. Alifikiri swali lilikuwa la kawaida, akalijibu kama fundi. "Mtoto wa miaka tisa naye ni wa kufungwa mkanda, mama. Siyo wa kumshika mwenzake."

Niliomba tukae kidogo. Akazima gari, akashuka, akaenda kusimama mbali kwenye goli akiwa amenipa mgongo, na kwa adabu ile nitampenda mpaka nife. Nilikaa na blanketi langu. Zaidi ya miaka hamsini nilikuwa nimeamini kwamba mikono yangu ililegea. Kwamba niligeuka kutazama kitu dirishani, au nilikuwa na usingizi wa joto la injini, au sikumpenda mdogo wangu vya kutosha. Nilikuwa nimejitafutia makosa yote na kujisomea mwenyewe hukumu. Na kumbe nilikuwa na miaka tisa, nimekaa juu ya bati, kwenye mteremko wa matope. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo nilivyofundisha darasani miaka yote. Siku hiyo ya viazi mkuu nilikuwa mimi, na aliyekuwa hasikii alikuwa mimi.

Alipoona nimetulia alirudi, tukaokota viazi pamoja. Vilikuwa viazi vizuri, tukavila jioni huko Njombe.

Tuliporudi nyumbani kwao nilimfunga mtoto mwenyewe. Nilimvua sweta nene, nikamwacha na la jepesi, nikampitishia mikanda mabegani, nikavuta mpaka vidole vyangu vikakosa mkanda wa kufinya. Kisha ndipo nikamfunika blanketi kwa juu, nikalichomeka pembeni. Mkanda kwanza, blanketi baadaye. Mtoto alinitazama, akapiga chafya. Nikakaa kiti cha pembeni yake, nikafunga wangu, na gari likawashwa.

Barabara ile ya Njombe nimeipita mara nyingi mno, ila siku ile niliitazama kama mgeni. Miti ya mbao imesimama kwa mistari, mashamba ya viazi yamefunikwa na weupe wa baridi pembezoni, moshi wa jikoni unatambaa chini hautaki kupanda. Mjukuu wangu alilala kabla hatujafika mbali. Kwa vile alikuwa ameelekea nyuma na mimi niko pembeni yake, nilikuwa namwona uso wote. Ningekuwa nimempakata chini ya blanketi ningeona kofia. Binti yangu kule mbele akaanza pambio, mumewe akaitikia kwa sauti ya chini, na mimi nikaona nimepata joto bila kuwa juu ya injini yoyote.

Tulipofika langoni kwangu nilimfungua, nikamnyanyua, nikaingia naye mlangoni mikononi mwangu, binti yangu akitembea pembeni hana cha kubeba. Desturi ilitimia yote. Ukoo ulikuwa umesema bibi aingie naye mlangoni. Habari ya kumpakata njia nzima nilikuwa nimeiongeza mimi.

Jumapili mtoto alibatizwa, alilia maji yalipomgusa, watu wakasema ana sauti ya bibi yake. Tukarudi nyumbani kula. Ndugu na jamaa walijaa sebuleni mpaka uani, na walipomaliza wali mdogo wangu alisimama, akashika kitambi chake, akakohoa. "Mnamwona dada yangu huyu mpole?" akaanza, na watu wakaanza kucheka kabla hajafika popote.

"Leo usiiseme hiyo," nikasema.

Sikusema kwa sauti kubwa. Lakini ni mwalimu aliyesema, na chumba kikanyamaza. Mdogo wangu akanitazama, akasema mtoto na apewe zawadi, akakaa. Baadaye alinifuata uani nilikokuwa nasuuza sufuria ambazo hazikuwa zamu yangu.

"Dada, nimekukosea nini?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote, tangu maneno ya mama kitandani mpaka viazi vya kiwanjani, nikiwa nasugua sufuria moja tu muda wote. Nilimwambia kwamba kila alipochekesha watu nilikuwa naliona lile blanketi tupu. Nilimwambia baba aliacha kunichukua kwenye lori kwa sababu hakuniamini tena.

Mdogo wangu hakuwa na utani hata mmoja. Alivuta ndoo akaigeuza akaikalia.

"Baba aliniita kabla hajafariki," akasema. "Aliniomba msamaha. Mimi, mtu mzima na ndevu zangu. Alisema siku ile alikuwa na mkono mmoja wa kutoa, na mkono ukaenda kwako, kwa sababu ulikuwa umezoea kwenda kwako. Alisema hakuchagua, lakini kila akiliona kovu langu anaona kama alichagua."

Sufuria ilinitoka mkononi. Nikaiacha hapohapo.

"Na kwenye lori?"

"Alisema kila akikuwazia pale juu ya injini, mkono ulikuwa unaachia gia wenyewe. Alisema hakuwa na mikono ya kutosha. Akanikataza nisikwambie. Aliona ukijua ni wewe uliyeokolewa, utaumia zaidi."

Ndani walikuwa wameanza kuimba. Nilijishika kifuani, pale palipovilia damu zamani, na nikamlilia baba yangu upya kana kwamba amekufa wiki iliyopita. Mkono ule niliouhesabu kuwa adhabu ndio uliokuwa umenishika.

"Na wewe?" nikamuuliza mdogo wangu nilipoweza kuongea. "Miaka yote ile unanitania?"

"Mimi nilidhani unacheka," akasema.

Kesho yake asubuhi waliondoka. Mdogo wangu alikuwa anakwenda Makambako kupanda basi la Mbeya, hivyo wakampa lifti. Binti yangu akakaa nyuma, mtoto ameshafungwa, blanketi juu. Mdogo wangu akajipakia mbele kwa heshima zake zote, kitambi kwanza, akaweka kofia vizuri, akaniambia nibaki na amani. Mimi nilikuwa nimesimama dirishani kwake.

Gari halikuwashwa.

Nikamwangalia mkwe wangu. Alikuwa ameshika ufunguo mkononi, anautazama ukuta wa nyumba yangu, kijana wa watu, maana yule ni mjomba wa mkewe na hawezi kumwamrisha. Mdogo wangu alikuwa anaulizia kama betri imekufa.

"Funga mkanda," nikamwambia mdogo wangu. "Leo sina mikono ya kukushika."

Akanitazama, kovu limepanda na nyusi.

"Hata siku ile hukuwa nayo, dada," akasema, akauvuta mkanda, akaufunga. Mkwe wangu akawasha gari.